Maisha ya Ole Evinrude, Mtu Aliyepumzisha Makasia

Muhula huu nimeona niwaletee habari za maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye jina lake limeandikwa kwetu Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, ingawa kwao kulikuwa mbali sana. Jina lake ni Ole Evinrude.

Nyumbani kwa babu yangu, karibu na mahali tunapoanika usipa, kuna kifuniko cha mashine kuukuu ya mashua. Rangi imebanduka, na kuku hutagia mayai ndani yake. Juu yake limebaki neno hilo moja tu: Evinrude. Tangu utotoni nilidhani ni jina la mwenye mashua. Sikujali kuuliza mpaka likizo ya Desemba, nilipokuwa Kidato cha Tatu, yaliponipata majini mambo nitakayoyaeleza mbele. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu, naye akanielekeza katika kusoma. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

Evinrude alizaliwa tarehe 19 Aprili, 1877, nchini Norway, karibu na mji wa Gjøvik ulio kando ya ziwa kubwa. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka wa 1882, mtoto akiwa na miaka mitano, jamaa yote ilihamia Marekani, wakapata shamba katika jimbo la Wisconsin, karibu na ziwa dogo liitwalo Ripley. Kwa hiyo mtoto huyu alitoka kando ya ziwa moja akaenda kukulia kando ya ziwa jingine, na maji hayakumtoka moyoni.

Shuleni hakukaa miaka mingi, kwa sababu kazi za shamba zilimwita. Lakini mikono yake haikutulia. Kitu chochote cha chuma kilichoharibika pale shambani alikifungua apate kuona ndani yake mna nini. Alipokuwa kijana alijiundia mashua ya tanga, ingawa baba yake hakupendezwa na mambo ya mashua, kwani alitaka mwanawe awe mkulima kama yeye. Sisi wana wa ziwa tunaujua ugomvi wa namna hiyo. Kwetu wako wazazi wanaotaka mtoto ashike jembe la muhogo, na mtoto macho yake yako majini.

Mwaka wa 1893, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, aliondoka nyumbani akaenda mji wa Madison kufanya kazi katika kiwanda cha mashine za kilimo. Mshahara ulikuwa mdogo. Mchana alifanya kazi, na usiku alisoma vitabu vya hesabu na vya ufundi peke yake, bila mwalimu. Baadaye alifanya kazi katika viwanda vya Pittsburgh na Chicago, akijifunza namna chuma kinavyoyeyushwa na kumiminwa. Mwaka wa 1900 alikuwa mjini Milwaukee, akiwa fundi wa kuchonga vielelezo vya mbao vya kutengenezea kalibu za chuma. Wakati huo injini za petroli zilikuwa jambo jipya, na motokaa zilikuwa chache sana. Evinrude alijitengenezea injini zake mwenyewe, akajaribu biashara mara kadhaa na wenzake, na biashara hizo zikavunjika. Hakukata tamaa.

Huko Milwaukee alikuwako jirani yake, binti aitwaye Bess Cary, aliyejua kazi za ofisi. Evinrude alikuwa hodari kwa chuma, lakini kuandika barua kulimshinda. Binti huyo akawa anamsaidia kuziandika, na kutoka katika barua likaja pendo. Walioana mwaka wa 1906.

Inasimuliwa kwamba mwaka huohuo, siku moja ya joto kali, walikwenda na rafiki zao kutembea kando ya ziwa liitwalo Okauchee. Bess akatamani aiskrimu. Duka lilikuwa ng'ambo, mwendo wa kilometa 4 hivi kwa maji. Evinrude akashika makasia akavuka, akanunua, akaanza kurudi. Upepo ulikuwa mbele yake na jua juu ya kichwa chake. Alipofika aiskrimu ilikuwa imeyeyuka yote, na mikono yake imechoka kabisa. Wengine wangecheka wakasahau. Yeye njiani alikuwa akifikiri habari moja tu: ikiwa injini yaweza kuvuta motokaa, kwa nini isisukume mashua ndogo kama hii?

Haifai tumpe sifa zisizo zake. Kabla yake alikuwako Mmarekani mwingine, Cameron Waterman wa Detroit, aliyekwisha anza kuuza mashine za kupachika nyuma ya mashua. Lakini Evinrude ndiye aliyeifanya iwe kitu cha kuaminika, kitu ambacho mvuvi wa kawaida aweza kukipachika, kukitumia na kukitengeneza.

Mashine yake ya kwanza ilikuwa mbaya kuitazama. Mkewe alipoiona aliifananisha na kinu cha kusagia kahawa. Wenzetu wa Mbinga watacheka kusikia hayo, maana wao mashine za kahawa wanazijua tangu utoto. Yeye hakuona haya. Alirudi mezani akachora tena, akarekebisha, akajaribu tena majini. Mwaka wa 1909 ilikuwa tayari kuuzwa. Uzito wake ulikuwa kama kilo 28, na nguvu yake ilikuwa nguvu ya farasi mmoja na nusu. Injini ilikaa juu, nje ya maji. Mhimili ukashuka wima hadi chini. Na huko chini meno ya chuma yakageuza mzunguko ili propela isukume maji kwa nyuma. Mashine za mitumbwi tunazoziona leo Mbamba Bay na Liuli zina nguvu nyingi zaidi, lakini mpango wake ni huohuo.

Inasimuliwa kwamba rafiki mmoja aliiazima siku moja, akarudi na maombi ya watu kumi waliotaka kununua. Hapo ndipo Bess alipoonyesha akili yake. Yeye alikuwa akishika ofisi, fedha na barua, na tena alikuwa na mtoto mdogo wa kumlea. Aliandika tangazo la kuwaambia watu waache kupiga makasia, wayatupe kabisa, watumie mashine ya Evinrude. Tangazo lile lilileta barua nyingi mno. Nayo mashine haikununuliwa na matajiri wa kustarehe peke yao. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Oluf Mikkelsen aliipeleka nchi za Skandinavia, na wavuvi wa huko wakainunua kwa wingi. Hivyo kazi ya kijana yule aliyetoka Norway ikarudi kwa wavuvi wa kwao.

Lakini kazi nyingi zilimdhoofisha Bess. Mwaka wa 1914 Evinrude aliuza sehemu yake kwa mwenzake, Chris Meyer, akaahidi kutofanya biashara ya namna hiyo kwa miaka mitano. Alitimiza ahadi. Aliuacha utajiri uliokuwa ukianza ili mkewe apumzike, nao wakasafiri pamoja.

Miaka mitano ilipopita alikuwa na mashine mpya kichwani. Aliiunda kwa aluminiamu badala ya chuma kizito, ikawa na silinda mbili. Ilikuwa na nguvu ya farasi watatu, na uzito wake ulikuwa kama kilo 22 tu. Yaani ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza, na nguvu zake mara mbili. Aliipeleka kwa Meyer, naye akaikataa. Basi Evinrude na Bess wakaanzisha kampuni nyingine, wakaiita ELTO, wakashindana na kampuni iliyochukua jina lao wenyewe. Mwaka wa 1929 kampuni hizo ziliunganishwa pamoja na nyingine, naye Evinrude akawa mkuu wa zote.

Muda si muda dhiki kubwa ya fedha iliingia duniani, na watu wakaacha kununua vitu. Katika dhiki hiyo Bess alifariki, mwaka wa 1933. Evinrude hakukaa sana baada yake. Alifariki tarehe 12 Julai, 1934, akiwa na umri wa miaka 57. Mwanawe, Ralph, aliishika kazi. Mashine zenye jina la Evinrude ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka wa 2020.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa niwaeleze kwa nini yananihusu.

Baba yangu mdogo na wenzake watatu walichanga fedha kwa muda mrefu wakanunua mashine ya boti. Si ya Evinrude, lakini ni ya namna yake, yaani ile ambayo oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Mwaka ule baba mdogo alikuwa amevuka kwenda Malawi kwa biashara, akarudi na dumu la petroli aliyoinunua huko. Ilibaki kama lita 10. Aliniambia nilifunge vizuri na kuliweka ndani. Mimi niliona uvivu. Mfuniko wake ulikuwa umepoteza mpira, nikaufunga hivyo hivyo, nikaliacha dumu chini ya mwembe. Mvua za Desemba zikanyesha.

Baada ya majuma kadhaa shangazi yangu alishikwa na homa kali, ikaamuliwa apelekwe hospitali Liuli usiku uleule. Niliambiwa nilete petroli. Nikaleta dumu lile, nikachanganya oili kama nilivyofundishwa, nikamimina yote tangini. Nilijua kwamba lilikaa mvuani. Sikusema neno.

Mashine iliwaka vizuri. Tulipokwisha acha ufuko mbali ikaanza kukohoa. Baba mdogo akavuta kamba, ikawaka, ikazimika. Akavuta tena na tena. Mwisho ikalia sauti ya chuma kukwaruzana, ikakaza, kamba haikuvutika tena. Mawimbi yalikuwa yakiinuka. Tulikuwa watu sita botini, na shangazi amelala chini akitetemeka ndani ya blanketi.

Babu ana desturi moja ambayo vijana tulikuwa tukiicheka. Hakubali boti iondoke bila makasia manne, hata kama mashine ni mpya. Usiku ule tulipiga makasia kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge, tukafika ufukweni kukipambazuka. Shangazi alifika hospitali kwa njia ya nchi kavu, akatibiwa, akapona. Kama angekufa, nadhani nisingeweza kuyaandika haya.

Fundi alipoifungua mashine alikuta pistoni imekwaruzika vibaya. Tangini, chini ya petroli, palikuwa na maji yanayonuka spiriti. Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa kemia, naye akanifafanulia.

Nchini Malawi, tangu mwaka wa 1982, petroli imekuwa ikichanganywa na ethanoli, yaani spiriti. Hutengenezwa kwa molasi, ile asali nyeusi inayobaki baada ya kutoa sukari katika miwa. Kiwanda cha kwanza kiko Dwangwa, kando ya ziwa letu hilihili. Nchi ile haina bahari, na mafuta huyasafirisha kutoka mbali kwa gharama kubwa, kwa hiyo kila lita ya spiriti inayotoka mashambani mwao huokoa fedha. Brazili na Zimbabwe nazo zimefanya hivyo, na huko Marekani petroli nyingi ina sehemu moja ya spiriti katika kumi. Tena spiriti huisaidia petroli isigonge ndani ya injini. Basi spiriti si uchafu, wala aliyeiuza hakumwibia mtu. Motokaa inayotumiwa kila siku huimaliza kabla haijaharibika.

Lakini spiriti hupenda maji. Mwalimu alituonyesha jambo hili nje, mbali na moto. Alitia petroli tupu mililita 90 katika chombo cha kupimia, akaongeza maji mililita 10, akatikisa, akaacha yatulie. Maji yalikaa chini, yakawa mililita 10 vilevile. Kisha alichukua petroli aliyoichanganya na spiriti ya maabara, sehemu moja katika kumi, akafanya vivyo hivyo. Safari hii tabaka la chini lilipanda likapita 10 kwa mbali. Spiriti ilikuwa imeiacha petroli ikayafuata maji.

Katika petroli ya namna hiyo, maji kidogo huyeyuka yasionekane. Yakizidi kama nusu ya sehemu moja katika mia, mchanganyiko huvunjika. Kwa lita zangu 10, vijiko kumi vya chai vya maji ya mvua vilitosha. Hapo spiriti na maji hushuka chini pamoja, na mpira wa mafuta hunyonya kutoka chini. Oili hubaki juu na petroli. Kwa hiyo mashine ya baba mdogo ilikuwa ikinywa maji na spiriti bila oili ya kutosha, na pistoni ikasugua chuma kikavu. Zaidi ya hayo, spiriti huweza kulainisha mipira ya zamani, na hubandua uchafu uliogandama tangini ukaenda kuziba kabureta.

Mashine ndogo huumia kuliko motokaa, kwa kuwa mara nyingi hukaa muda mrefu bila kutumiwa, na tangi lake huwa karibu na maji. Hayo ni kweli kwa mashine ya boti, kwa msumeno wa kukatia mbao, na kwa jenereta ya nyumbani. Basi wazazi na wenzangu mlio na mashine hizo, mashauri niliyopewa ni haya. Ulizeni petroli mnayonunua ina nini, na someni kitabu cha mashine kinaruhusu spiriti kiasi gani. Nyingi huruhusu sehemu moja katika kumi, si zaidi. Nunueni ya kutosha majuma machache tu. Dumu liwe na mfuniko wenye mpira, likae ndani. Wekeni chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine. Mashine ikikaa muda mrefu, mwageni mafuta yote ya kabureta. Petroli ikionyesha matabaka mawili, msiitikise mkadhani imepona. Haifai tena kwa mashine.

Nilimwungama baba mdogo kwa barua kabla ya likizo iliyofuata. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinijibu kwamba mashine itatengenezwa pole pole, na kwamba angalifurahi zaidi kama ningalisema usiku uleule, kabla ya kuondoka ufukweni. Kwa miezi mingi yeye na wenzake walivua kwa makasia, wakipata kidogo kuliko walivyozoea, kwa sababu ya uvivu wangu wa dakika moja na ukimya wangu wa dakika nyingine.

Ninapokitazama kifuniko kile cha kuku pale kwa babu, namfikiri mtu aliyeambiwa kwamba mashine yake ni kama kinu cha kahawa, naye akairudia bila hasira mpaka ikafaa. Alitupunguzia taabu kubwa wanadamu wa maziwani. Ila tangazo lile la mkewe, la kutupa makasia, mimi na babu hatukubaliani nalo. Makasia yetu bado yamo botini, manne, na dumu la petroli liko ndani, limefungwa. Mimi ndiye ninayelifunga.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne